Neno "fair" lilivyotukata mfukoni

Ile karatasi ninayo mpaka leo. Niliichapisha kwenye steshenari moja pale Vwawa, nikaikunja mara mbili, nikapanda nayo bodaboda kurudi kijijini nikiwa na furaha. Ni barua fupi ya mnunuzi wa kahawa kutoka Ulaya. Ndani yake neno "fair" limetokea mara tatu, na kila mara lina maana yake. Mimi nilizifasiri zote tatu kwa maana moja, na wanachama wenzangu zaidi ya mia wakalipia.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaokabidhiwa Kiingereza cha kijiji kizima kama nilivyokabidhiwa mimi. Ukiwa umemaliza kidato cha sita na wazee wanakuamini, utaletewa barua, mikataba, vyeti vya hospitali na karatasi za dawa za mimea. Hakuna atakayekagua ulichosema, kwa sababu ndiyo maana wakakuita wewe.

Chama chetu cha msingi kiko Mbozi. Tangu 2016 tuko Mkoa wa Songwe, ingawa wazee wengi bado wakisema nyumbani wanasema Mbeya. Tunalima arabika. Wakulima huleta kahawa mbivu kwenye mtambo wa pamoja ambao sote tunauita CPU, inamenywa siku ileile, inavundikwa, inaoshwa, kisha inaanikwa juu ya meza za wavu. Nilipewa kazi ya ukatibu nikiwa na miaka 27. Mwenyekiti alisema mbele ya mkutano, "Safari hii hatutadanganywa na barua, tuna binti yetu anayesoma Kiingereza." Nilijisikia fahari sana.

Msimu wa pili wa kazi yangu tulipata mnunuzi wa moja kwa moja kwa magunia 40 ya kilo 60. Tulituma sampuli, tukasubiri, barua ikaja. Sehemu iliyotuumiza ilikuwa hivi: "The cup is fair. We found a fair number of insect-damaged beans. You may wish to re-sort the lot before shipment. We believe our price is fair."

Mimi shuleni nilijua "fair" ni haki. Mwamuzi wa mpira akiwa "fair" hapendelei, uchaguzi ukiwa "fair" haujaibiwa. Basi nilisimama kwenye banda la CPU, akina mama wakiwa wamekaa kwenye magunia matupu, nikawasomea kwa sauti: kikombe chenu ni cha haki, punje zilizotobolewa na wadudu zipo kwa idadi inayokubalika, mkipenda mnaweza kuchambua tena, na bei yetu ni ya haki. Walipiga makofi. Mzee mmoja akasema Mungu ni mwema, mwaka huu tumetendewa haki. Kuhusu kuchambua tena, nani angependa? Akina mama walikuwa wamechoka, na mimi nilikuwa nimesema "mkipenda".

Barua ilikuwa imesema jambo jingine kabisa. Ladha ya kahawa yenu ni ya wastani tu. Tumekuta punje nyingi kiasi zilizotobolewa na wadudu. Chambueni upya kabla hamjasafirisha. Na sisi tunaona bei yetu ni ya haki. Hapo pa mwisho tu ndipo nilipopatia.

Mzigo ulipofika kule walipima, wakakuta kasoro zimezidi kiwango cha mkataba, na kama mkataba ulivyoruhusu wakakata senti 20 za dola kwa kila ratili. Ukiisikia senti 20 unaweza kuidharau. Gunia la kilo 60 ni ratili 132 na ushee. Magunia 40 ni ratili zaidi ya 5,290. Zidisha, utapata dola 1,050 na kitu, ambazo kwa ubadilishaji wa wakati ule zilikaribia shilingi milioni mbili na nusu. Malipo ya pili yalipotoka, watu waliotegemea ada ya shule na mbolea walipata kidogo kuliko nilivyowatangazia.

Maneno yakaanza mashineni na kwenye vilabu. Katibu amekula. Katibu alijua. Wengine walinisalimia bila kunitazama. Mama yangu alikaa wiki mbili bila kwenda kikoba, na hakuniambia sababu. Nilielezwa na jirani. Nililia usiku mwingi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na jibu. Niliisoma ile barua tena na tena na kila mara iliniambia kilekile, kwa sababu nilikuwa naisoma kwa macho yaleyale.

Badala ya kumtafuta anayejua, nikaingia kwenye kosa la pili. Nilipakua programu ya visawe kwenye simu. Ukiandika "fair" inakuletea safu ndefu: "just", "equitable", "reasonable", "impartial", "average", "moderate", "light", "clear", "considerable". Nikaona kumbe yote ni ndugu, naweza kuchukua lolote. Msimu uliofuata nilipomwandikia mnunuzi mwingine niliamua kulikwepa neno lililoniaibisha, nikaandika kwamba tunaomba atupe "a moderate price". Alijibu siku ileile, kwa furaha, na bei aliyotaja ilikuwa chini ya ile tuliyopewa mwaka wa aibu.

Moyo ulinipiga. Sikulipeleka jibu kwa bodi. Nilikwenda kwa mwalimu wangu mstaafu, aliyenifundisha Kiingereza kidato cha tatu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nilimpa simu na ile karatasi ya kwanza. Alivaa miwani, akasoma zote mbili, akakaa kimya kwa muda. Kisha akaniuliza, "Kali maana yake nini?"

Sikuelewa. Akarudia: Kiswahili chako mwenyewe, kali ni nini? Nikamwambia jua kali, joto lake limezidi. Kisu? Kisu kikali kinakata vizuri. Mbwa? Anauma. Mwalimu mkali? Hana mchezo. Dawa kali? Ina nguvu. Akasema, "Sasa Mzungu aliyejifunza kwamba kali ni yenye kuuma, akiambiwa kisu kikali atakikimbia. Wewe umemfanyia Mwingereza vivyo hivyo. Usiniulize 'fair' maana yake nini. Niulize imesimama na nani."

Tukaanza kuipanga kwa jirani zake. Ikisimama na bei, mwamuzi, kesi, mshahara au mgawanyo, ni haki. Ikisimama na ladha, afya, matokeo ya mtihani au ubora wa mali, ni wastani, na mara nyingi ni wastani wa kusikitikia: si mbaya, lakini usijisifu. Ndivyo ilivyo kwenye biashara yetu, ambako wataalamu wa kuonja husema "FAQ", yaani "fair average quality", kwa kahawa ya kawaida isiyo na sifa ya pekee. Ikisimama na "number", "amount" au "distance", ni nyingi au ndefu kiasi cha kuonekana. Ikisimama na anga, ni hali tulivu isiyo na mvua. Ikisimama na nywele au ngozi, ni rangi ya kung'aa, nyeupe au ya dhahabu. Ndiyo "fair" iliyokuwa kwenye jina la ile krimu ya ngozi Fair & Lovely, jina ambalo wenyewe walilibadilisha 2020 baada ya kulaumiwa kwamba linawafundisha wasichana kuuchukia weusi wao. Mwalimu alilitaja hilo kwa uchungu, kwa sababu aliwaona wanafunzi wake wakijichubua.

Aliniambia pia kwamba kwenye Kiingereza cha kale neno hili lilianza kwa kumaanisha uzuri. Kitu kizuri kikawa kisicho na doa, na kisicho na doa kikawa kisicho na upendeleo. Kwa hiyo "fair copy" ni nakala safi, iliyoandikwa upya bila kufutwafutwa. Ile "fair" ya maonyesho ya biashara, kama Sabasaba, haina undugu nayo. Asili yake ni neno la Kilatini la siku ya sikukuu. Zimefanana sura tu.

Kisha akanipa kipimo ambacho ndicho ningependa msomaji wangu akichukue kuliko kingine chochote. Tafuta kinyume chake. Kinyume cha "fair price" ni "unfair price", kwa hiyo hiyo ni haki. Je, unaweza kusema "unfair cup"? Huwezi, hakuna kikombe kisicho haki. Kinyume cha "fair cup" kinapatikana huku na huku kwenye ngazi: juu kuna "good" na "fine", chini kuna "poor". Kinyume cha "fair weather" ni "foul", hali mbaya ya hewa. Kinyume cha "fair hair" ni "dark". Kinyume cha "a fair number" ni "a few", chache. Neno moja, vinyume vitano. Kila kinyume kinakuonyesha ni neno gani la Kiswahili unalolihitaji, na kila kimoja kina visawe vyake visivyoingiliana na vya mwenzake. "Just" ni kisawe cha "fair" kwenye hukumu, lakini hakuna anayesema "just weather".

"Na 'moderate'?" nikamuuliza.

"Umemwomba bei isiyo kubwa," akasema. "Na amekukubalia."

Alinionya na "reasonable" pia. Kwenye mazungumzo ya haki "reasonable" ni jambo la busara, linalokubalika. Lakini dukani, "reasonable price" ni bei nafuu, ndivyo muuzaji anavyomvuta mteja. Muuzaji wa kahawa anayejinadi kwa "reasonable price" amejishusha mwenyewe. Tukakaa pale kwenye baraza yake tukaandika barua nyingine, tukasema wazi tunataka senti ngapi kwa ratili na kwa nini. Bei ilipanda, si kama tulivyotaka, lakini ikaipita ile ya mwaka wa aibu. Sikumlipa mwalimu. Nilimpelekea kahawa na ndizi.

Baada ya hapo nilisimama mbele ya mkutano nikaeleza kosa langu. Nilitetemeka. Niliwasomea barua ya kwanza neno kwa neno, safari hii kwa maana zake. Kulikuwa na ukimya, halafu mama mmoja akasema, "Kwa hiyo hukula, ulikosea." Nikasema nilikosea. Si wote walionisamehe siku ile, na hilo ni haki yao, kwa sababu fedha haikurudi. Lakini mama yangu alirudi kikoba.

Kwenye mkutano huohuo likazuka jambo ambalo nimeliona pia kwenye vyama vya jirani. Baadhi ya wanachama walidhani kwamba mnunuzi akiandika "fair price" basi tumeingia Fairtrade. Hapana. Fairtrade, linaloandikwa kama neno moja, ni mfumo wa uthibitisho wenye ukaguzi, kanuni na bei ya chini isiyovukwa. Kwa arabika iliyooshwa, Agosti 2023 bei hiyo ya chini ilipandishwa kuwa dola 1.80 kwa ratili, na juu yake kulikuwa na nyongeza ya senti 20 iliyokwenda kwa wakulima kwa pamoja. "Our price is fair" kwenye barua ni maoni ya mnunuzi kuhusu bei yake mwenyewe. Sisi hatukuwa na cheti hicho, na kuwaachia watu waamini kuwa tunacho kungekuwa uongo.

Baadaye nilipata nafasi ya kuhudhuria mafunzo ya kuonja kahawa Mbeya mjini, na huko nikajua kwamba "fair" si mtego wa pekee. Unapewa bakuli tano kwa kila sampuli, gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji, unasubiri dakika nne, unavunja utando wa juu kwa kijiko huku pua ikiwa karibu, kisha unavuta kwa nguvu mpaka isikike. Halafu unajaza fomu. Kwenye fomu ile tuliyotumia, ngazi ya alama 6 inaitwa "good", 7 ni "very good", 8 ni "excellent", 9 ni "outstanding". Yaani "good", ambalo mtoto wa darasa la tatu anajua ni nzuri, pale ni ngazi ya chini kabisa. Nilifikiria ni mara ngapi nimeambiwa "good" na nikaenda kutangaza ushindi. Sifa za Kiingereza cha biashara zimewekwa kwenye ngazi, na bila kuiona ngazi yote hujui umesimama wapi.

Ndiyo maana siku hizi naomba namba. Mnunuzi akiandika "a fair number of defects", namjibu kwa upole: ni kasoro ngapi katika gramu 350? Kiasi hicho ndicho tulichofundishwa kupima kwa kahawa ya daraja la juu, na ukomo tuliopewa ulikuwa kasoro kamili tano, bila hata moja ya zile kubwa kama punje nyeusi au chachu. Hakuna aliyewahi kukasirika kwa kuulizwa. Zile lugha za adabu pia, "you may wish to", "perhaps you could", nazisoma kama maagizo mpaka nithibitishiwe vinginevyo.

Neno hilohilo lilitusaidia mwaka tulipopanga ghala. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, na ulisema tulirudishe jengo katika hali nzuri, "fair wear and tear excepted". Tulipotoka, mwenye ghala alitaka kuzuia amana yetu yote kwa sababu rangi ya ukuta ilikuwa imefifia na sakafu imechubuka mlangoni magunia yalipokuwa yakishushwa. Mwenyekiti alikuwa tayari kumwachia, yaishe. Nikafungua mkataba. "Fair" hii imesimama na uchakavu, na maana yake ni uchakavu wa kawaida unaotokana na kulitumia jengo kwa kazi iliyokusudiwa, huo hatuudaiwi. Kitasa tulichokivunja tulikubali kukilipa. Kilichobaki cha amana alirudisha baada ya kubishana siku mbili.

Kuna na dogo jingine. Ujumbe ulikuja kwamba mwonjaji wa mnunuzi wetu atatua Uwanja wa Ndege wa Songwe, "tall and fair". Zamani ningemwambia dereva ampokee mtu mrefu mwenye haki. Nilimwambia amtafute mrefu mwenye nywele za rangi ya dhahabu, akampata mara moja.

Kama unapewa kazi ya kutafsiri na hujaizoea, usitafsiri papo hapo watu wakiwa wamekutumbulia macho. Mimi nilifanya hivyo kwa sababu niliona aibu kuonekana nahitaji muda. Chukua siku moja. Andika tafsiri yako kwenye daftari, kisha mpe mtu mwingine Kiswahili chako tu, bila barua, umuulize anaelewa nini na angefanya nini. Ningempa mama yangu ile tafsiri yangu ya kwanza, angeniuliza kikombe cha haki ni kikombe gani. Swali hilo moja lingetuokolea milioni mbili na nusu. Na "fairly" nayo uiangalie kwa makini: "we were fairly paid" ni tulilipwa kwa haki, "we were fairly well paid" ni tulilipwa vizuri kiasi. Kaneno kadogo "well" kameondoa haki yote pale.

Mwezi uliopita ilifika barua ya mzigo wetu wa karibuni. Niliisoma nyumbani kwanza, nikalala nayo, kesho yake nikaipeleka bandani. Nilipofika kwenye mstari uliosema "a fair number of bags were damp", mzee mmoja wa nyuma, yuleyule aliyewahi kumshukuru Mungu kwa kutendewa haki, akanyoosha mkono.

"Binti, hiyo 'fair' ni ipi?"

"Ni ya wingi, mzee. Magunia yenye unyevu ni mengi kiasi. Nimeshawauliza ni mangapi, wamejibu 11."

Mwenyekiti akamtazama mtunza ghala, mtunza ghala akatazama juu, pale bati lilipoachana. Mkutano ulifungwa mapema ili watu wakashushe magunia kabla ya mvua ya jioni.